Swali la Kumi na Moja

Ndahani amekuja na dodoso lake,
kurasa nne zilizobanwa kwa pini,
akagonga mlango saa mbili usiku
upepo wa Juni ukipenyeza vumbi chini yake.
"Dakika kumi tu," akasema.
Tunazijua dakika za watafiti.

Umri? Ishirini na miwili.
Jinsi? Si unaniona.
Mwaka wa masomo? Wa tatu, ada ikilipwa.

Kwa siku unatumia kompyuta saa ngapi?
Kuna visanduku: mbili, nne, sita, zaidi.
Nitie alama wapi, Ndahani?
Kompyuta ni moja, sisi watatu.
Nyemo huishika mchana,
Kokushubira hadi saa nne za usiku,
mimi huirithi ikiwa na joto
kama kiti alichotoka kukalia mgeni.
Betri ilikufa mwaka jana. Tunaishi kwa waya,
na waya hauzidi hatua mbili kutoka ukutani.
Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake;
shingo yangu nayo
huinama kwa urefu wa waya.

Unakalia kiti cha aina gani?
Nyemo akacheka hadi akakohoa.
Andika: kitanda cha juu.
Andika: meza ni mapaja.
Andika kwamba dari iko karibu mno,
sinyooki bila kuiomba radhi.
Maktaba viti vipo, ndiyo,
ila fundi alivipima kwa miguu yake,
yangu inaning'inia.

Hupumzika kila baada ya muda gani?
Umeme ukikatika.

Maumivu yalianzaje?
Kama mtu aliyeniwekea kidole kisogoni
akasahau kukiondoa.
Wiki ya mitihani kidole kikawa kiganja,
kiganja kikashuka begani, kikakaa.
Sasa nikiitwa nyuma
nageuka mwili mzima, kama fisi.

Msongo wa mawazo: kidogo, wastani, sana?
Bumu halijaingia. Chagua mwenyewe.

Swali la kumi na moja:
katika familia yenu, yupo mwenye maumivu ya shingo?

Nikasema hapana, upesi, kwa majivuno.
Mama yangu, Mvumi, ametwika ndoo ya lita ishirini
tangu akiwa na miaka saba,
mikono chini, shingo wima,
akisimulia habari za jirani njia nzima bila kumwaga tone.
Nami nyuma yake, na kidumu changu.
"Usitazame miguu," aliniambia,
"njia haijahama. Tazama mbele."
Leo kitu cha kilo mbili,
tena sijakitwika,
kimenikunja kama suke la uwele.

Ndahani akaandika hapana.
Kalamu ikakwaruza, na mkwaruzo ule
ukanirudisha gizani, nyumbani,
dada akimkanda mama kwa mafuta ya mnyonyo,
mama akiuma ncha ya kanga,
akisema ni baridi tu, ni baridi,
Julai hiyo, itapita.
Haikuwa Julai.

Futa, nikamwambia.
Andika ndiyo.
Yeye hakuna aliyemletea dodoso.

Akafuta. Karatasi ikachanika kidogo.
Alikuwa ameinama juu ya goti lake,
mkono wa kushoto ukijikanda kisogo
wenyewe, bila kutumwa.
"Na wewe je?" akauliza Kokushubira.
"Mtafiti hajazi," akajibu,
akatuaga kwa kugeuza mwili mzima.

Usiku ule nilishuka kitandani,
nikaivuta tranka, juu yake nikapindua ndoo,
juu ya ndoo nikaiweka kompyuta.
Kioo kikanijia usawa wa macho.
Nikanyooka. Nikatazama mbele
kama mtu mwenye maji kichwani.

Waya haukufika.